Mkupuo mmoja, kila mwezi, au mbuzi? Jinsi ya kuchagua unapotaka kuzisaidia kaya maskini kijijini

Watu waliotoka kijiji kimoja, wengine wako Nairobi na Dar es Salaam, wengine Muscat na Minneapolis, wakishachanga laki kadhaa za kuwasaidia waliobaki nyumbani, ndipo ubishi unapoanza. Huyu anataka pesa zigawiwe taslimu siku moja. Yule anataka kila kaya itumiwe kidogo kidogo kwa simu. Wa tatu anasema tuwanunulie mbuzi na magunia ya mahindi, kwa sababu pesa mkononi mwa mtu mwenye shida hazikai. Nimeyaandika haya kwa ajili ya kikao cha namna hiyo. Bahati nzuri Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu ambako jambo hili limejaribiwa kwa upana na kupimwa kwa makini, kwa hiyo hatuna sababu ya kuamua kwa kukisia.

Kwanza, hoja ya pombe

Hoja inayokula muda mwingi vikaoni ni kwamba watazinywa. Watafiti David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilizoangalia jambo hilihili, na kwa jumla hawakuona kaya zilizopewa pesa zikiongeza matumizi ya pombe na sigara. Walevi wapo kila mahali, hata kwenye familia zetu zenye mishahara. Lakini kuzinyima kaya ishirini kwa sababu ya mzee mmoja anayejulikana kijiji kizima si uangalifu, ni dhuluma. Hoja nyingine, kwamba watu wakipewa wataacha kazi, nayo imepimwa Kenya na haikuthibitika. Kilichoonekana ni watu kupunguza vibarua kwenye mashamba ya wengine na kuongeza shughuli zao wenyewe: kuuza samaki, kushona, kufungua kibanda, kulima shamba lao kwa wakati. Mtu anayelima shamba la jirani wakati wa palizi ili apate unga wa jioni hulipalilia lake akiwa amechelewa, na mavuno huonyesha hivyo.

Kwa hiyo "tuwape au tusiwape?" si swali gumu. Gumu ni umbo la msaada: kiasi gani, mara ngapi, na kwa muda gani.

Pesa zilezile, matokeo mbalimbali

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu umbo unatoka Siaya na Bomet, kaunti mbili za Kenya, ambako GiveDirectly, shirika linalowapa maskini pesa taslimu, na watafiti, akiwemo Abhijit Banerjee na Tavneet Suri, waligawa vijiji 295 katika mafungu manne. Vijiji 44 viliahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, kila mtu mzima apate shilingi 2,250 za Kenya. Vijiji 80 vilipata kiasi hichohicho kila mwezi, lakini kwa miaka 2 tu. Vijiji 71 vilipewa takriban dola 500 kwa kila mtu mzima, zote ndani ya muda mfupi. Vilivyobaki, 100, havikupata kitu, viliwekwa vya kulinganishia.

Angalia hesabu ya fungu la pili na la tatu. Shilingi 2,250 kwa miezi 24 ni 54,000. Dola 500 wakati ule zilikuwa karibu na kiasi hicho. Watu hawa walipokea pesa zinazokaribiana kabisa, tofauti ilikuwa ratiba tu.

Ratiba hiyo ilileta tofauti kubwa. Waliopewa kwa mkupuo walifungua biashara nyingi zaidi na kupata mapato makubwa kuliko waliolipwa kidogo kidogo kwa miaka 2. Na wale wa miaka 12, ambao mwezi kwa mwezi walikuwa wakipata kiasi kilekile cha wale wa miaka 2, nao walisonga mbele kibiashara karibu kama wa mkupuo. Kwa nini?

Jibu liko kwenye chama, au mchezo kama wanavyosema Tanzania. Mwanamke anayejua kwamba 2,250 zitaingia mwezi ujao, mwaka ujao, na miaka kumi baadaye, anaweza kujiunga na wenzake na kuahidi elfu moja kila mwezi bila kutetemeka. Zamu yake ikifika anapokea donge la kununua cherehani au ndama. Wenzake wanamkubali kwa sababu wanajua na yeye atalipa. Aliyeahidiwa miaka 2 anaijua tarehe ya mwisho, na wenzake wanaijua pia. Hapo pesa inakwenda kwenye unga, sabuni, na deni lililoandikwa kwenye daftari la mwenye duka. Hakuna ubaya katika hayo, deni la duka lazima lilipwe. Lakini baada ya miezi 24 kaya imekula vizuri kwa miezi 24, na hali inaanza kurudi ilikokuwa.

Mimi nalichukulia hilo kuwa jambo kubwa kuliko yote katika suala hili. Watu wa kijijini wenyewe, wakipewa uhakika, walizigeuza pesa za kila mwezi kuwa mkupuo. Walijua wanachohitaji.

Vikundi vyetu vingi huangukia lile fungu la kati lililo dhaifu. Tunatuma kidogo kidogo kwa mwaka mmoja au miwili, kisha michango inapungua, mweka hazina anahama, na msaada unakatika. Kama lengo lenu ni kaya isimame kwa miguu yake, hilo ndilo umbo la kuepuka.

Mkupuo unanunua nini

Mfano wa karibu ni paa. Katika utafiti wa awali uliofanywa Rarieda, kaunti hiyohiyo ya Siaya, kuanzia 2011, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuatilia kaya zilizoishi kwenye nyumba za nyasi. Nusu ya wapokeaji walipewa kwa mkupuo, nusu kila mwezi. Wa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Wa mkupuo walinunua vitu vya kudumu, na juu ya orodha hiyo yalikuwa mabati.

Mtu wa mjini anaweza kuona mabati ni kujionyesha. Aliyelala chini ya nyasi anajua sivyo. Nyasi huoza, hutoboka, na baada ya msimu au miwili lazima zitafutwe nyingine, ambazo siku hizi si bure, kisha umlipe fundi wa kuezeka. Mvua ikinyesha usiku, vitanda vinasogezwa, mahindi yaliyohifadhiwa yanalowa, daftari za watoto zinalowa. Ukiweka mabati, ile gharama ya kila msimu inakoma. Ukifunga mfereji wa bati pembeni na kuweka pipa, binti ambaye angeshuka mtoni asubuhi ana maji mlangoni miezi ya masika. Hakuna mtu anayeweza kununua bati la kesho kwa shilingi 75 za leo, yaani zile 2,250 zikigawanywa kwa siku 30, zinazopita katikati ya njaa, ada na dawa ya malaria.

Lakini mkupuo nao una kikomo chake, na ni vizuri kukisema waziwazi kwenye kikao. Kaskazini mwa Uganda, vikundi vya vijana vilipewa ruzuku mwaka 2008, karibu dola 400 kwa kila mmoja, wajifunze ufundi na kununua zana. Baada ya miaka 4 mapato yao yalikuwa juu ya wenzao kwa asilimia 38. Baada ya miaka 9 wenzao ambao hawakupewa walikuwa wamewafikia kwa mapato, ingawa waliopewa bado walikuwa na mali zaidi na ufundi mikononi. Mkupuo uliwatanguliza njiani kwa miaka kadhaa, na mtu aliyeishi miaka hiyo bila dhiki ameishi kweli. Ila msiwaahidi wafadhili wenu kwamba umaskini utakwisha milele kwa tukio moja.

Pale ambapo kila mwezi inashinda

Bibi wa miaka 75 anayelea wajukuu watatu hahitaji mtaji wa biashara. Anahitaji kujua kwamba tarehe fulani pesa itaingia, atanunua unga, mafuta ya taa na sabuni, na hataomba. Kwa mtu kama huyu, kwa mgonjwa wa kudumu, kwa kaya ambayo hakuna mwenye nguvu za kufanya kazi, malipo ya kila mwezi ndiyo sahihi. Kenya inalijua hilo: mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Tanzania nayo, kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) na mpango wa kunusuru kaya maskini, imezifikia kaya zaidi ya milioni moja, malipo yakija kila miezi miwili.

Hatari ya umbo hili ni kuchelewa. Pesa ndogo inayokuja kwa wakati ina thamani kuliko kubwa inayokuja ikijisikia. Duka linalokopesha kwa kuamini kwamba tarehe 5 utalipa, likikosa kulipwa mara mbili, linafunga daftari. Kisha mzee anakopa kwa mtu wa riba, na pesa ikija kwa mkupuo wa miezi minne, nusu inaondoka na riba. Kama kikundi chenu hakiwezi kuweka akiba ya malipo ya miezi sita mbele kabla ya kutuma la kwanza, msianze.

Mama mjamzito

Hapa naomba kikao kisimame kidogo. Kati ya 2014 na 2017, GiveDirectly iligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya kwa zaidi ya kaya 10,000 za Siaya, katika vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya 653. Miaka baadaye watafiti, akiwemo Edward Miguel, walirudi kuuliza kuhusu kila mtoto aliyezaliwa. Vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu kwenye kaya zilizopokea.

Kilichofanya kazi ni wakati. Faida ilikuwa kubwa pale pesa ilipofika karibu na siku za kujifungua, na pale ambapo kituo chenye daktari hakikuwa mbali. Akina mama walikwenda hospitali kujifungua badala ya kubaki nyumbani, na wakapunguza kazi nzito miezi ya mwisho ya ujauzito na ile ya kwanza baada ya kuzaa. Malipo yalipokwisha, vifo vilirudi kuelekea kiwango cha zamani, yaani pesa haikuacha kinga ya kudumu. Iliokoa waliozaliwa wakati ipo.

Kwa kikundi kidogo, sioni matumizi mengine ya fedha yanayoshinda hili. Hamhitaji mpango mkubwa. Mhudumu wa afya wa jamii anawajua wajawazito wote wa kijiji na miezi yao. Nauli ya gari la kwenda hospitali usiku, chakula cha kumwezesha mama asiende shambani mwezi wa nane na wa tisa wa ujauzito, na kitu kidogo cha wiki za mwanzo: pesa hizo zikifika mwezi mmoja kabla, zina kazi. Zikifika miezi mitatu baadaye, zimechelewa mno.

Masharti: tuyaweke au tuache?

Serikali nyingi hupenda masharti: mtoto aende shule, mama aende kliniki, ndipo kaya ilipwe. TASAF ililijaribu hilo Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia 2010, vijiji 40 vikipokea na 40 vikisubiri. Kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na bima ya afya, zilifuga mbuzi na kuku zaidi, watoto wake wakapata viatu. Viatu visipuuzwe, mtoto asiye na viatu hubaki nyumbani asubuhi ya matope na hupata minyoo.

Malawi, wilaya ya Zomba, walilinganisha wasichana waliolipwa kwa sharti la kuhudhuria shule na waliolipwa bila sharti. Wenye sharti walibaki shuleni zaidi. Lakini wasio na sharti, hasa wale waliokuwa wameacha shule, ndio waliochelewa kuolewa na kupata mimba. Sababu inaeleweka: sharti humkata pesa msichana aliyekwisha kuanguka nje ya shule, yaani yule aliye kwenye hatari kubwa kuliko wote.

Mimi ni wa kutoweka masharti, kwa kikundi cha ukubwa wetu. Kuyasimamia kunahitaji mtu wa kukusanya mahudhurio, mtu wa kuamua nani amekosa, na moyo mgumu wa kumkatia mama ambaye mtoto wake alikosa shule kwa kuwa hakuwa na sare. Kama lengo ni shule, lipeni ada na sare moja kwa moja.

Mbuzi, magunia na mafunzo

Chakula kina nafasi yake mahali pamoja: pale ambapo soko halina chakula. Ukame ukikaza Turkana au Marsabit na lori haziji, pesa haziliwi. Kwingineko, kusafirisha mahindi hadi kijiji ambacho kina mwenye duka wa mahindi ni kulipa nauli ya bure na kumuua mwenye duka.

Mbuzi ni mali nzuri kwa kaya inayojua kufuga na yenye malisho. Kwa mjane asiye na shamba wala mtoto wa kuchunga, ni mzigo atakaouuza kwa bei ya hasara wiki ya pili, na hana kosa. Programu zinazochanganya mfugo, mafunzo, posho ya kula ya miezi kadhaa na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara zimefanya vizuri. Utafiti wa nchi sita uliotolewa 2015, Ethiopia na Ghana zikiwemo, ulionyesha kaya nyingi zikibaki mbele hata mwaka mmoja baada ya msaada kukoma. Ila hiyo ni kazi ya shirika lenye wafanyakazi, siyo ya watu wanaokutana Jumapili.

Rwanda ilitoa somo la pembeni lenye faida. Programu ya lishe na usafi ililinganishwa na kugawa pesa za thamani ileile, kiasi kidogo cha dola mia na kitu kwa kaya. Zote mbili hazikubadilisha sana lishe ya watoto; waliopewa pesa walilipa madeni na kununua mali ndogondogo. Pesa zilipopandishwa hadi dola 532, mlo ukaboreka na watoto wakaongezeka kimo na uzito. Kiasi kina kizingiti.

Mikopo siilinganishi hapa kwa urefu. Kaya inayokosa mlo wa jioni haihitaji tarehe ya marejesho.

Simu ya nani, na jirani asiyepata

Rarieda watafiti waliamua kwa bahati nasibu nani apokee, mume au mke. Matumizi ya kaya hayakutofautiana sana. Ukatili wa kupigwa ndani ya nyumba ulipungua kwa vyovyote, na ukatili wa kingono ulipungua pale pesa zilipopita kwa mke. Kwa hiyo tumeni kwa laini ya mama, yenye jina lake, isiyo ya mtoto wala ya jirani. Ongezeni ada ya kutoa juu ya kiasi mlichoahidi, maana mama aliyeambiwa 5,000 na wakala akampa pungufu hubaki akijiuliza nani amemkata.

Watu huogopa kwamba pesa zikiingia bei zitapanda na majirani wataumia. Huko Siaya, ambako zilimwagwa kwa wingi, bei zilipanda kwa asilimia 0.1 tu kwa wastani, na majirani wasiopokea nao waliongeza matumizi kwa sababu fundi, muuza samaki na mwenye duka walipata wateja. Watafiti wanakadiria kila dola ilizungushwa hadi kuleta takriban dola 2.5 za shughuli za kiuchumi. Msitarajie hayo kwa kaya sita. Tarajieni wivu zaidi, na dawa yake ni uchaguzi wa wazi: kigezo ambacho kila mtu anaweza kukiona kwa macho, kama Siaya walivyotumia nyumba ya nyasi, kisha majina yasomwe kwenye mkutano wa kijiji na watu wapewe nafasi ya kupinga.

Mkiwa na shilingi 300,000 za Kenya

Pendekezo la kwanza kikaoni litakuwa kaya 30, elfu kumi kila moja, ili pasiwe na ubaguzi. Nalielewa, lakini elfu kumi ni chini ya kizingiti, itapita. Ningechagua kaya sita kwa elfu hamsini, zenye mtu wa kufanya kazi na wazo la kuzitumia, na ningezituma Februari kwa vijiji vya magharibi mwa Kenya, kabla ya mvua ndefu, ili mbegu, mbolea na vibarua vya palizi vipatikane kwa wakati. Zikifika Mei, mahindi yamekwisha kupandwa kwa mbegu ya ghalani.

Kama kijiji chenu kina wazee na yatima zaidi kuliko wenye nguvu, wekeni 300,000 hizo kwa watu watano, 2,500 kila mwezi kwa miaka 2, na mkubaliane leo hii nani atachanga mwaka wa tatu. Kama kuna wajawazito kumi na hospitali iko umbali wa kupanda gari, anzeni na hao.

Kisha mtumieni kila mpokeaji ujumbe mfupi wa simu, kwa lugha anayoisoma au anayosomewa na mjukuu: ni kiasi gani, mara ngapi, tarehe ipi, zitakoma lini, na kwamba hakuna mtu, awe mzee wa kijiji au mwanachama wenu, anayeruhusiwa kudai chochote kutoka kwake.